Wimbo Bila Waitikiaji

Jumapili jioni wajukuu wangu huniburura kutoka jikoni nikatazame nao mashindano ya kuimba kwenye televisheni. Mimi hujidai naenda kwa ajili ya chai tu, lakini nikishaketi siwezi kunyamaza. Msichana anasimama pale mbele, anafungua kinywa, na kabla hajafika ubeti wa pili jaji aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba anampungia mkono aondoke. Hapo ndipo ninapoanza kuitukana televisheni. "Usitoke!" namwambia yule msichana. "Maliza wimbo wako kwanza!" Wajukuu hucheka mpaka wanamwaga chai kwenye zulia la mama yao.

Juzi mmoja wao akaniuliza, "Cucu, kwani wewe unaweza imba?" Nikamwambia nimewahi kushindana, miaka ya hamsini, hapo Thika na Ruiru, na kila nilipopanda jukwaani nilitolewa. Wakaanza kunionea huruma. Mmoja alinishika hata bega. Kicheko chao sikukijali, lakini ile huruma ilinichoma, na asubuhi yake nilinunua daftari hapa Witeithie nikaanza kuandika. Mimi si wa kuonewa huruma.

Nilizaliwa juu upande wa Gatanga, nikashuka Ruiru kuchuma kahawa msimu mmoja tu. Nilitaka kupata nguo na sufuria mbili tatu, nirudi kwa mama. Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ikanikuta huko. Mkikuyu hakuruhusiwa kutoka alipo bila pasi, na kila nilipoenda kuomba pasi niliambiwa nije wiki nyingine, na wiki hiyo nyingine haikufika. Huko nyumbani nako watu walikuwa wametolewa mashambani mwao na kurundikwa katika kijiji kimoja, kimezungukwa na handaki, walinzi langoni. Mama alikuwa humo peke yake. Baba alikuwa amefariki zamani na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye.

Siku moja lori lilikuja kwenye laini zetu, yaani vibanda vya wafanyakazi, likachukua watu kwenda kuhojiwa. Nilikuwa mmoja wao. Walituuliza waliyotuuliza, na baada ya siku chache wengine tukarudishwa. Lakini mtu aliyepeleka habari kule juu alikuwa ameliona lori likiondoka tu. Hakuliona likirudi. Alimwambia mama kwamba nimechukuliwa na kwamba waliochukuliwa siku ile hawaonekani tena, na mama akafanya kama afanyavyo kila mzazi. Alinililia, akawagawia majirani nguo zangu chache, akakaa kimya ndani ya kibanda chake.

Haya niliyajua kutoka kwa mwanamke wa kijijini kwetu aliyepewa kibali cha kuja kumwona mumewe hospitalini Thika. Aliponiona njiani pale mjini, siku niliyopelekwa na lori la kahawa, alishika mdomo. "Ngai! Wewe si ulikufa?" Nilimsihi aende amwambie mama nipo. Alienda akamwambia. Majibu yaliporudi kwangu, miezi baadaye, kwa mdomo wa mtu mwingine, yalinivunja moyo. Mama alisema, "Msinibembeleze kama mtoto mdogo. Nikimsikia mwenyewe, kwa masikio yangu, hapo nitaacha kulia." Barua isingesaidia kitu. Mama hakujua kusoma, na barua zote zilisomwa na karani wa kituo cha walinzi, mtu ambaye hata akisema mvua inanyesha mama angetoka nje kuhakikisha.

Basi mjue nilikuwa katika hali gani siku lile gari la vipaza sauti lilipopita Ruiru likitangaza mashindano ya kuimba. Redio ya serikali inatafuta sauti mpya, likasema. Kila mwimbaji ataimba peke yake. Mshindi atasikika nchi nzima, Jumamosi alasiri. Nami nilijua, maana yule mwanamke aliniambia, kwamba pale kijijini kwetu walikuwa wamefunga spika juu ya mlingoti, na Jumamosi alasiri redio ililia kijiji kizima, utake usitake. Wenzangu walisikia mashindano. Mimi nilisikia masikio ya mama.

Kuimba nilikujua. Shambani mimi ndiye niliyekuwa mwanzishi wa nyimbo. Tulichuma kila mwanamke kwenye mstari wake, kikapu kimefungwa kiunoni, na mwenye shamba alipenda tuimbe kwa sababu mikono ilienda mbio. Nyapara alikuwa mtu wa mbali asiyejua Kikuyu, naye aliogopa kila wimbo asiouelewa. Akaamuru tuimbe Kiswahili. Tukatunga nyimbo zetu kwa Kiswahili chetu kibovu, zikatoka tamu kuliko alivyotarajia. Sauti yangu ni nzito. Kanisani waliniweka nyuma na wanaume, lakini kwenye kahawa ilipita juu ya miti ikafika mpaka mstari wa mwisho kule bondeni, na huko bondeni ndiko lilikotoka jibu.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu ndilo lililoniangusha. Kwetu mwanzishi hamalizi. Unatoa nusu ya neno, unanyamaza, na wenzako wanaichukua wanaimalizia. Ukiimba mpaka mwisho wewe mwenyewe, ni kama umepika ukala mbele ya wageni. Watu watakutazama. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno. Nililinyonya tu, nikidhani ndivyo dunia nzima inavyoimba.

Tulienda Thika kwa lori la shamba, kwa kibali cha siku moja alichotuombea mwenye shamba, tukipita mkonge wa Juja, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Rafiki yangu aliyekuwa akichuma mstari wa pili kutoka wangu, mjane mmoja mwenye ulimi mkali, alinifunga kitambaa chake kizuri kichwani. Mji wote ulinuka mananasi yanayochemshwa kiwandani. Ukumbini tulipangwa kwenye mabenchi, na mtu akasimama akatangaza kwamba asitokee wa kukohoa, wa kupiga makofi wala wa kuzungumza, maana mashine ya redio inasikia kila kitu. Anayepiga kelele atatolewa. Waamuzi walikuwa watatu mezani. Mkubwa wao alikuwa mwalimu wa kwaya, mwenye tai nyembamba na kengele ndogo mbele yake.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama mbele ya kile chuma cha kunasa sauti, nikavuta pumzi, nikaanza:

"Kikapu changu kina njaa..."

Nikanyamaza, kama ilivyo desturi, nikageuza sikio.

Hakuna. Ukumbi mzima ulinitazama. Nikafikiri labda hawakusikia, nikaanza tena, kwa nguvu zaidi. "Kikapu changu kina njaa..." Nikangoja. Mtu mmoja alicheka puani. Nilimwona rafiki yangu kwenye benchi la nyuma amejiziba mdomo kwa mikono miwili, maana jibu lilikuwa limemfika kwenye meno naye alikuwa ameambiwa atatolewa. Mwalimu akagonga kengele.

"Amesahau maneno," akawaambia wenzake.

"Sijasahau," nikasema. "Nangoja."

"Unangoja nini, mama?"

Ningemwelezaje? Ukumbi ukaangua kicheko, na sasa hakuna aliyetolewa kwa kelele. Mama mmoja wa kizungu aliyekuwa mezani alinihurumia akasema, "Pole sana. Mwaka ingine wewe kuja tena." Niliteremka nikiwa nimefura kwa hasira. Nilichukia kengele ile, nikachukia tai ile, na zaidi nilichukia kwamba Jumamosi ile spika ya kijijini ingelia na mimi sitakuwemo.

Nyapara alinitania wiki nzima. "Mwimbaji wa redio, umekumbuka maneno?" Wanawake walisema niache, haya ni mambo ya watu wa viatu. Nikawaambia mwaka ujao narudi. Rafiki yangu akasema, "Utarudi kufanya nini? Kungoja tena?" Lakini ni yeye aliyekubali kunisikiliza jioni, tukiosha miguu mtoni, nikijifunza kumeza jibu lililokuwa la watu wengine.

Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika Ruiru kwetu, katika darasa la shule. Niliimba wimbo mzima peke yangu, mwanzo na jibu, bila kuacha nafasi hata ya kumeza mate. Nilijiita nikajiitika. Kufikia ubeti wa tatu pumzi iliniishia na sauti ikakatika kama uzi. Yule mwalimu hakugonga kengele safari hii. Alisema nimeendelea vizuri, ila sauti yangu ni nzito mno kwa mwanamke, nijaribu kuipandisha kidogo. Nilimuuliza niipandishe nayo iende wapi. Akaandika kitu, akaita mwingine.

Rafiki yangu alinisubiri nje. "Wameniambia nimeendelea," nikamwambia.

"Aca," akasema, yaani hapana. "Ulikuwa kama mtu anayebisha hodi kisha anajijibu mwenyewe. Mama yako akisikia vile, atasema huyo si wewe."

Maneno hayo yaliniingia. Ningeshinda kwa kuimba namna ile, sauti ingefika mlingotini na mama asingenitambua, na kazi yote ingekuwa bure. Usiku wa kuamkia kazi sikulala vizuri, lakini nilipoamka nilikuwa nimeamua. Nitaimba kama ninavyoimba. Kama wanaitaka sauti yangu, waichukue na watu wake.

Mwaka wa tatu tukarudi Thika. Tangazo likasema kuna jambo jipya: Jumamosi asubuhi ni mchujo, na alasiri wale wachache watakaobaki wataimba redioni moja kwa moja, nchi ikiwasikiliza papo hapo. Niliwaomba wenzangu wa shambani waje, nao wakaja wamejaa lori, wamejipaka mafuta mpaka wanang'aa, wakaenea mabenchi yote. Nilipotoa nusu ya kwanza na kunyamaza, jibu lilitoka kila pembe ya ukumbi ule:

"Kijaze, dada, kijaze!"

Nawaambia nilisikia ngozi ikinisisimka. Tuliimba ubeti mmoja na nusu. Halafu kengele, kengele, kengele. Mwalimu alikuwa amesimama, amekuwa mwekundu ingawa ni mtu mweusi.

"Haya ni mashindano ya mtu mmoja! Mmoja! Hawa ni nani?"

"Ni wimbo," nikamjibu.

"Umetolewa. Na hawa wapiga kelele wote watoke nje."

Walitolewa kweli, mmoja mmoja, rafiki yangu akiwa wa mwisho, akimwambia mlinda mlango maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Waliingia kwenye lori kunisubiri. Mimi nilishuka jukwaani, nikatembea taratibu mpaka benchi la nyuma kabisa, nikaketi. Mlinda mlango akanijia. "Umetolewa, wewe."

"Nimetolewa kuimba," nikasema. "Kuketi sijatolewa."

Alinitazama, akatazama mikono yangu ya kahawa, akaona heri aende zake. Wenzangu walituma mtu kuniita, nikasema waondoke, nitatembea. Sikuwa na mpango wowote. Nawaapia sikuwa nao. Nilikuwa tu nimekataa kuondoka mahali palipokuwa na njia ya kufika kwa mama, hata kama njia yenyewe ilikuwa imefungwa.

Alasiri ikafika. Mtu wa redio aliyevaa vidude masikioni alituonya tena kuhusu kimya: akiinua mkono, kuanzia hapo nchi nzima inatusikia, na neno lolote likitoka halirudi. Wa kwanza aliimba, wa pili akaimba. Wa tatu alikuwa kijana wa kiwandani mwenye gitaa, shati lake limepigwa pasi vizuri, kipenzi cha mwalimu. Alianza kupiga nyuzi harakaharaka, na wimbo wake ulikuwa wa msafiri. Akaimba:

"Barabara hii ni ndefu, nani yuko hapo?"

Kisha akanyamaza, gitaa likaendelea peke yake. Nafasi ile! Mnajua ile nafasi? Aliiacha wazi kabisa, akauliza swali mbele ya watu na hakuna aliyemjibu. Mlango ulikuwa wazi na nchi nzima ilikuwa upande wa pili. Sikufikiri. Nilisimama kwenye benchi la nyuma, nikafungua kifua changu chote:

"Niko hapa, niko! Niko hapa, niko!"

Gitaa liliruka mdundo mmoja. Vichwa vyote viligeuka. Mwalimu aliinuka na mkono ukaenda kwenye kengele, ukasimama hewani, kwa sababu akiigonga nchi nzima ingeisikia. Akafungua mdomo kunikaripia, akaufunga. Alinionyesha mlango kwa vidole vyote kumi. Mlinda mlango alianza kunijia akinyata, kisha akasita: akinivuta na mimi nikapiga ukelele, itakuwaje? Walikuwa wamejifunga wenyewe kwa kimya chao. Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Na yule kijana, nampa heshima yake, angeweza kunipuuza. Badala yake aligeuza mwili wote kuelekea nyuma nilikosimama, akaimba tena, "Barabara hii ni ndefu, nani yuko hapo?" na safari hii nafasi aliyoiacha ilikuwa pana zaidi, kwa makusudi. Nikaijaza. Mara ya tatu nusu ya ukumbi iliitika pamoja nami, wenye viatu na wasio navyo, na kufikia mwisho hata yule mama wa kizungu alikuwa akipiga meza kwa kidole.

Mtu wa redio aliposhusha mkono, ukumbi ulilipuka. Kijana ndiye aliyeshinda, na alistahili. Mwalimu alinifuata mpaka nje. "Usionekane tena hapa maisha yako yote," akasema. "Umeharibu."

"Nimeharibu nini?"

"Kila kitu. Hata jina lako halijulikani. Nani atajua ni wewe?"

Nilimcheka. Nilitembea kurudi Ruiru na jua likizama nyuma ya mkonge, miguu inauma, nikiimba njia nzima. Mwaka uliofuata nilirudi Thika nikaomba kushindana. Walinikataa mlangoni. Mwaka mwingine nikarudi tena, wakanikataa tena, mpaka mashindano yenyewe yakaacha kufanyika, na mimi nikiwa bado naulizia yatakuwa lini. Hakuna mtu aliyewahi kuja kunitafuta akasema kuna sauti Ruiru. Sikurekodiwa, sikupigwa picha. Nyapara mpya alipokuja hakujua hata kama naimba, hadi aliponisikia.

Lakini kila siku nilijiuliza kama Jumamosi ile spika ilikuwa inafanya kazi. Labda betri ilikuwa imekwisha, au mvua ilinyesha kule juu, au mama alikuwa amelala na kitambaa masikioni. Hilo ndilo lililonisumbua. Kushinda na kutoshinda kulikuwa kumeshanitoka.

Imajensi ilipolegea, pasi hatimaye ikatoka. Nilipanda na basi mpaka lilipoishia, kisha nikatembea. Kijiji kilikuwa kama nilivyoelezwa, vibanda vimebanana, na mlingoti ule mbele ya kituo. Mama alikuwa ameinama nyuma ya kibanda chake akipalilia viazi. Nilisimama kwenye kona nikakohoa kidogo tu, mimi niliyepigia nchi nzima kelele.

Aliinua uso, akanitazama sana, kisha akajipangusa mikono kwenye shuka.

"Umekawia," akasema. "Nilikuwekea maharagwe ya njahi mpaka yakaingia wadudu."

"Maitu," nikamwambia, "ulikuwa unajua niko hai?"

"Si ulisema mwenyewe? Tulikuwa hapo chini ya spika, tunapepeta maharagwe. Ukasema niko hapa, niko. Nikawaambia, huyo ni wangu. Wakaniambia, aca, wametangaza mwanamume ndiye ameshinda. Nikawaambia mwacheni ashinde, huyo ni wangu."

Hapo ndipo nilipolia, nikiwa nimesimama kwenye viazi vyake. Yeye alinishika mkono akanivuta nisikanyage shina, akaniketisha kwenye jiwe, akanitazama tena kwa muda mrefu kama anayetaka kuuliza kitu cha maana.

"Lakini yule mtu aliyekuwa akikuanzishia," akasema, "mbona alikuwa na haraka hivyo?"